Uanze na riwaya ipi ya Gabrielle Zevin? Nne zikipimwa bega kwa bega

Tangu Julai 2022 jina la Gabrielle Zevin halitajwi bila kitabu kimoja: Tomorrow, and Tomorrow, and Tomorrow, riwaya ya marafiki wawili wanaotengeneza gemu za video. Ukimuuliza mpenzi wa riwaya za Kiingereza akupendekezee kitabu cha Zevin, atakutajia hicho, na pengine hajui kwamba kabla yake mwandishi huyu alikwisha kutoa riwaya tisa.

Kwa hiyo wengi wanamwingilia kwa mlango mmoja. Wapo wanaokisoma hadi alfajiri wakakimaliza kwa machozi. Wapo pia wanaokwama katikati, wakakirudisha kwa mwenyewe na kusema Zevin si saizi yao. Hawa wa pili ndio walionifanya niandike ulinganisho huu. Aliyechoshwa na mambo ya gemu huenda angempenda Zevin wa duka la vitabu. Binti wa kidato cha tatu aliyepewa riwaya ya kurasa 400 yenye mapenzi ya kikatili huenda alihitaji ile ya msichana na bibi yake.

Nimechagua nne ambazo ndizo rahisi zaidi kukutana nazo: Elsewhere ya 2005, The Storied Life of A.J. Fikry ya 2014, Young Jane Young ya 2017, na hiyo ya gemu ya 2022. Majina ni marefu, basi humu nitaziita Elsewhere, Fikry, Jane na Kesho.

Mwandishi mwenyewe

Zevin alizaliwa New York mwaka 1977, mama yake mzaliwa wa Korea, baba yake Mmarekani wa asili ya Kiyahudi. Wote wawili walifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM, kwa hiyo kompyuta hazikuwa mgeni nyumbani kwao. Alikulia Florida. Akiwa na miaka 14 aliliandikia gazeti la huko barua ya hasira kuhusu tamasha la bendi ya roki ya Guns N' Roses, na gazeti, badala ya kumpuuza, likampa kazi ya kuhakiki muziki. Baadaye akasoma fasihi ya Kiingereza Harvard, akahitimu mwaka 2000.

Mwaka 2005 alitoa riwaya mbili kwa mpigo, Elsewhere kwa vijana na Margarettown kwa watu wazima, na mwaka huohuo ikatoka filamu ya Conversations with Other Women aliyoiandikia mswada, ikiongozwa na mwenzi wake, Hans Canosa. Zikafuata riwaya nyingine, ikiwemo trilojia ya 2011 hadi 2013 kuhusu New York ya mwaka 2083 ambako chokoleti na kahawa ni haramu. Fikry ndiyo iliyomfungulia mlango wa umaarufu, na Kesho ikaung'oa kabisa. Kampuni ya filamu ya Paramount ilinunua haki za filamu hata kabla kitabu hakijafika madukani, na mwisho wa 2022 wasomaji wa Goodreads, mtandao wa wapenda vitabu, wakakichagua kuwa riwaya bora ya mwaka. Kati ya Elsewhere na siku hiyo ilipita miaka 17.

Nimezisoma hizi nne kwa kufuatana, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona swali lilelile likirudi: je, mtu anaweza kuanza upya? Elsewhere inaliuliza kwa kifo. Fikry inaliuliza kwa mtoto aliyeokotwa. Jane inaliuliza kwa jina jipya. Kesho inaliuliza kwa gemu, ambamo ukifa unabonyeza kitufe na kuanza tena. Majibu yake hayafanani, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuchagulia.

Tutapima kwa nini

Kwanza, hadithi yenyewe inahusu nini. Pili, inagusa majeraha gani, maana Zevin anaandika kwa sauti nyepesi lakini mambo anayoyabeba si mepesi. Tatu, namna ilivyosimuliwa. Nne, lugha, urefu, na kama kuna jambo unapaswa kulijua kabla. Mwisho, ni msomaji wa aina gani atakayekifurahia. Sitaharibu miisho.

Hadithi yenyewe

Katika Elsewhere, Liz Hall ana miaka 15, karibu atimize 16, anapogongwa na teksi akiendesha baiskeli. Anazinduka akiwa ndani ya meli. Meli inamshusha mahali ambako wafu wanaishi maisha kinyumenyume: umri unarudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka mtu anakuwa kichanga na kurudishwa duniani azaliwe tena. Anapokewa na bibi yake, Betty, aliyefariki kabla Liz hajazaliwa. Liz hataki bibi wala hataki huko. Anataka leseni ya udereva, anataka chuo kikuu, anataka kukua, na badala yake amepewa miaka 15 ya kupungua. Siku zake za mwanzo anazimalizia kwenye darubini ya kulipia, akiwachungulia wazazi na mdogo wake wanaoendelea kuishi bila yeye.

A.J. Fikry ana duka la vitabu katika kisiwa cha Alice, kisiwa cha kubuni kwenye pwani ya Massachusetts. Mke wake amefariki ajalini, mauzo yameanguka, anakunywa, na ana orodha ndefu ya vitabu asivyotaka kuviona dukani mwake. Mali yake ya maana ni moja, nakala ya Tamerlane, kitabu cha kwanza cha mashairi ya Edgar Allan Poe, ambacho kweli kilichapwa Boston mwaka 1827 kwa nakala zinazokadiriwa kuwa 50 tu. Nakala hiyo inaibwa. Haupiti muda, anakuta mtoto wa kike wa miaka miwili ameachwa kati ya rafu, pamoja na barua ya mama anayetaka mwanawe akulie penye vitabu. Mtoto anaitwa Maya. Pembeni yao kuna Amelia, wakala wa mauzo wa kampuni ya uchapishaji anayekuja kwa feri, na mkuu wa polisi Lambiase, ambaye anaanza kusoma riwaya za upelelezi kwa sababu tu anapita dukani kumtazama mtoto. Huyu Lambiase nampenda kuliko wote. Ni nadra kuona riwaya inayomheshimu mtu aliyeanza kusoma ukubwani.

Jane inaanza Florida. Aviva Grossman, binti mwenye miaka ishirini na kitu anayefanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya mbunge, anaingia katika uhusiano na mbunge huyo, mwanamume mwenye mke. Ajali ya gari inafichua yote. Mbunge anabaki na kiti chake. Aviva anabaki na jina lisiloajirika, kwa sababu kila anayelitafuta mtandaoni anakuta kashfa, pamoja na blogu aliyoiandika mwenyewe akidhani hakuna atakayemtambua. Anajiita Jane Young, anahamia jimbo la Maine, anakuwa mratibu wa harusi na sherehe, anamlea binti yake Ruby. Kisha anaamua kugombea umeya, na mtu akigombea, watu huchimbua.

Kesho inahitaji nafasi zaidi. Mwaka 1987, hospitalini Los Angeles, Sam Masur ana mguu uliosagika katika ajali ya gari na hajazungumza na mtu. Sadie Green amekuja kwa sababu dada yake anatibiwa saratani ya damu. Anamkuta Sam akicheza Super Mario Bros. Sam anamuuliza kama anataka kumalizia maisha yale yaliyobaki, Sadie anajibu kwamba atangoja mpaka afe, kisha anashtuka kwa namna neno hilo lilivyosikika mahali pale. Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya wenzake kwenye banda la gemu akisema "ukifa, zamu yangu" ataingia katika ukurasa huo bila kubisha hodi.

Wanakuwa marafiki, halafu wanagombana vibaya. Sadie alikuwa akihesabu saa alizokaa na Sam kama huduma ya kujitolea kwa ajili ya sherehe yake ya Kiyahudi ya kuvuka utoto, na Sam amelijua hilo. Miaka inapita. Desemba 1995, katika kituo cha treni cha Harvard Square, Sam anamwona Sadie ng'ambo ya umati. Anamwita, Sadie hasikii. Basi anapaza sauti kwamba Sadie amekufa kwa kuhara damu, maneno ya Oregon Trail, gemu iliyochezwa na watoto wengi wa shule za Marekani. Sadie anageuka. Ndani ya mwaka mmoja, yeye akiwa mwanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia, na Sam wa hisabati Harvard, wanatengeneza gemu yao ya kwanza, Ichigo, kuhusu mtoto mdogo aliyechukuliwa na wimbi la bahari na asiyejua lugha ya kutosha kuulizia njia ya nyumbani. Marx Watanabe, anayeishi na Sam, anawapa nyumba na fedha na anakuwa msimamizi wao. Kampuni wanaiita Unfair Games.

Kuanzia hapo riwaya inahusu kazi. Ichigo ni ya nani? Sadie ndiye mwenye ustadi wa programu, lakini Sam anajua kuongea, na waandishi wa habari wanamfuata Sam. Wakati fulani Sadie anahitaji injini ya gemu, ile programu inayochora mwanga na maji, na anaipata kwa Dov, mwalimu wake ambaye pia ni mpenzi wake, mwanamume aliyeoa. Deni hilo linamtesa miaka mingi. Sijakutana na riwaya nyingine inayoonyesha vizuri hivi jinsi watu wawili wanavyoweza kupendana ndani ya kitu wanachokitengeneza na wakashindwa kusemezana nje ya kitu hicho. Si wapenzi. Walioelezwa kwamba hii ni hadithi ya mahaba watakatishwa tamaa.

Majeraha

Elsewhere inabeba kifo cha mtoto. Imeandikwa kwa upole, na haina damu, lakini mzazi aliyefiwa ataisikia tofauti na kijana anayeisoma kwa udadisi. Jambo jingine: akhera ya humo haina Mungu anayetajwa, haina hukumu, pepo wala jehanamu, na watu wanarudi duniani kama watoto. Kwa familia ya Kiislamu au ya Kikristo, si sababu ya kukikwepa, bali ni sababu ya kukisoma pamoja na mtoto na kuzungumza naye. Mimi naona kinafungua mazungumzo ambayo majumbani mwetu hufanywa msibani tu, tena kwa kunong'ona.

Fikry ina ufiwa, ulevi, mtu anayejiua na ugonjwa mzito. Vyote vinapita haraka, wakati mwingine haraka mno. Kuna kifo kimoja kinachotajwa kwa sentensi chache ambacho mwandishi mwingine angekipa sura nzima. Wepesi huo unaifanya isomeke na mtu aliye katika huzuni, na pia ndio unaowafanya wengine waseme ni tamu kupita kiasi.

Jane haina mauaji. Jeraha lake ni aibu, ile aibu inayomkalia mwanamke wakati mwanamume aliyeshiriki naye anapewa mkono na wapiga kura. Msomaji wa Nairobi au Dodoma hahitaji kufasiriwa chochote hapo. Nilichokipenda ni kwamba Zevin hamfanyi Aviva kuwa malaika. Anajua alichofanya, na mke wa mbunge, Embeth, anapewa sehemu yake ya kusema.

Kesho ndiyo nzito kuliko zote. Kuna uhusiano wa Sadie na Dov wenye udhalilishaji wa kimwili, kuna utoaji mimba, sonona, mguu wa Sam na maumivu yake yasiyokwisha, na kuna tukio la bunduki linalokuja bila onyo. Kama uko katika kipindi kigumu, chukua Fikry kwanza na uirudie Kesho baadaye.

Namna ya kusimulia

Elsewhere inasimuliwa moja kwa moja, isipokuwa dibaji yake, ambayo inamfuata mbwa wa Liz siku msichana huyo asiporudi. Kurasa hizo chache ni bora kuliko vitabu vizima nilivyosoma kuhusu kufiwa.

Fikry ina pambo moja zuri. Kila sura inaanza na maelezo mafupi ya A.J. kuhusu hadithi fupi anayoipenda, za Roald Dahl, Flannery O'Connor, Mark Twain na wengine, na taratibu unagundua kwamba anamwandikia Maya. Ukimaliza riwaya umebaki na orodha ya hadithi fupi za kutafuta.

Jane ina sauti tano. Rachel, mama yake Aviva, ndiye anayeanza, na ndiye anayechekesha zaidi. Anafuata Jane mwenyewe. Ruby anasimulia kwa baruapepe anazomwandikia rafiki wa kalamu aliye Indonesia. Embeth ni wa nne. Sehemu ya tano inarudi kwa Aviva wa zamani, na imeandikwa kwa mtindo wa vitabu vya watoto vinavyomwambia msomaji achague: ukitaka kumwambia mama yako, nenda ukurasa huu, usipotaka, nenda ule. Lakini maamuzi ya Aviva yameshafanyika tangu kurasa za mwanzo, nawe unajua. Unachaguliwa njia huku ukitamani ungechagua nyingine. Nikikumbuka kwamba miaka mitano baadaye mwandishi huyuhuyu alitoa riwaya ya gemu, naiona sehemu hiyo kama mahali alipojaribia mkono wake.

Kesho kwa sehemu kubwa inafuata miaka, kuanzia 1987 na kuendelea, huku msimulizi akiruka mbele mara kwa mara kututajia mahojiano ambayo Sam atafanya siku zijazo, akiwa tayari maarufu kwa jina la Mazer badala ya Masur. Ndiyo, huyu naye amebadili jina, kama Aviva. Kisha, katika nusu ya pili, Zevin anaiacha njia hiyo. Sura moja inazungumza na mhusika kwa "wewe", na sehemu nyingine inatokea ndani ya gemu ya mtandaoni, watu wakionekana kwa majina yao ya mchezoni. Ukiona umepotea, usirudi nyuma, endelea tu kurasa kumi. Sehemu hiyo ya ndani ya gemu naihesabu kuwa jambo jasiri zaidi alilowahi kuliandika, ingawa namwelewa anayesema imerefushwa.

Jina la kitabu limetoka katika Macbeth ya Shakespeare, tamthilia ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili tangu 1968, katika tafsiri ya S. S. Mushi iliyochapwa na Tanzania Publishing House. Ukiipata maktaba, soma maneno ya Macbeth baada ya kuletewa habari za kifo cha mkewe. Macbeth anayasema kwa kukata tamaa, kesho zinazofuatana bila maana. Zevin anayageuza: kwa mcheza gemu, kesho nyingine ni maisha mengine uliyopewa, ujaribu tena.

Lugha, urefu, na la kujua kabla

Elsewhere ina kama kurasa 280 na Kiingereza chepesi. Fikry ni fupi zaidi, kama kurasa 260, sentensi zake ni rahisi, lakini imejaa majina ya waandishi na mizaha ya watu wa vitabu. Usipoyajua hupotezi hadithi, unapoteza vicheko kadhaa. Jane ina karibu kurasa 300 na ndiyo ya mazungumzo zaidi. Rachel anachanganya maneno ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na siasa za Marekani zipo, ingawa anayejua mbunge ni nani anajua vya kutosha.

Kesho ina kama kurasa 400 na inadai msamiati mpana. Sam anapenda maneno makubwa, na msimulizi naye anayapenda. Kuhusu gemu, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Huhitaji kujua kucheza. Kila gemu muhimu humo inaelezwa mwanzo hadi mwisho kama hadithi ndani ya hadithi. Mfano ni Solution, gemu ya Sadie ya mwanafunzi. Mchezaji anafanya kazi kiwandani na anapata alama kwa kasi. Akiuliza maswali kuhusu kinachotengenezwa, alama zinapungua. Asiyeuliza kitu anamaliza na alama nyingi na kuambiwa kwamba kiwanda chake kilikuwa kikiwahudumia Wanazi. Hapo umeelewa ubunifu wa gemu kuliko ambavyo makala ya kiufundi ingekueleza: kanuni za mchezo zenyewe ndizo zinazotoa hoja, na kidole chako kinakuwa mshiriki.

Kuna jambo la haki nisiloweza kuliruka hapa. Brenda Romero, mbunifu wa gemu wa Marekani, alilalamika hadharani kwamba Solution inafanana na Train, mchezo wake wa mezani wa 2009 kuhusu treni na mauaji ya Wayahudi, na kwamba kitabu hakikumtaja. Riwaya inayouliza kwa uchungu jasho la mwanamke linaandikwa kwa jina la nani ilistahili kulitaja jina hilo. Nakipenda kitabu, na hilo bado linaniuma.

Mnunuzi wa Fikry ajue kwamba toleo la Uingereza limeitwa The Collected Works of A.J. Fikry. Ni riwaya ileile, usije ukanunua mara mbili. Ipo pia filamu yake ya 2022, ya Canosa, ambayo Zevin mwenyewe aliiandikia mswada. Na kwa anayependelea kusikiliza, Kesho ina toleo la sauti linalosomwa na Jennifer Kim pamoja na Julian Cihi.

Nani atakipenda, nani kitamchosha

Elsewhere ni ya vijana kuanzia miaka kama 12, na ya mtu mzima aliyepoteza mtu na hajapata wa kuzungumza naye. Itamchosha anayetaka fumbo, kwa sababu kanuni za huko zinaelezwa mapema na mwisho wake unaukisia.

Fikry ni ya mpenda vitabu, mkutubi, mwalimu wa fasihi, mwenye duka. Wauza vitabu wa Japani waliipa tuzo yao ya riwaya iliyotafsiriwa mwaka 2016, na sishangai, maana inaipa hadhi kazi yao. Itamkera asiyependa bahati njema zinazokutana kirahisi.

Jane ni ya anayetaka kucheka na kukasirika katika ukurasa mmoja. Inafaa sana kwa kikundi cha usomaji, kwa sababu kila sauti itapata mtu wa kuitetea. Anayependa mhusika mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho ataona anakatizwa kila akimzoea mtu.

Kesho ni ya anayefanya kazi ya ubunifu na mwenzake: bendi, kampuni changa, ndugu wanaoandika programu chumbani, wawili wanaochora katuni. Ni ya mtu aliyewahi kuvunja urafiki na hajui hadi leo kosa lilikuwa la nani. Haimfai anayetaka wahusika wa kupendeka. Sam ana kiburi, Sadie anaweka kinyongo, na zipo kurasa utatamani kuwafungia chumbani mpaka wasemezane.

Kulingana na hali yako

Kama huchezi gemu na unaogopa Kesho kwa sababu hiyo tu, ondoa hofu, soma sura ya hospitali na ya kituo cha treni. Zisipokushika, kiweke, uhamie Jane.

Kama unacheza gemu au unajifunza kuzitengeneza, anza na Kesho moja kwa moja, na uwe na daftari karibu. Zingatia hasa majadiliano ya Ichigo, pale wanapotaka mtoto asiwe wa kiume wala wa kike na mchapishaji anawashinikiza awe mvulana.

Kama unamnunulia kijana, Elsewhere, na wewe uisome kwanza. Kesho ingoje mpaka avuke miaka 17 au 18.

Kama hujasoma riwaya ya Kiingereza kwa muda mrefu na unataka kurudi taratibu, Fikry. Sura zake ni fupi, na unaweza kuimaliza kwa safari ya basi ya kutwa, kwenda na kurudi.

Kama una msiba wa karibuni, Fikry au Elsewhere, kutegemea unataka kukaa na walio hai au kumfuata aliyekwenda. Kesho isubiri.

Kama kikundi chenu kina watu wa rika tofauti, mama na binti zao kwa mfano, Jane. Gaweni sehemu tano kwa wasomaji watano, kila mmoja aje na sauti yake, na ile ya mwisho ya kuchagua kurasa isomeni pamoja kwa sauti, mkipiga kura kila Aviva anapofika njia panda.

Na kama ulikwishakwama katika Kesho, angalia ulikwama wapi. Uliyekwama kabla ya Ichigo kukamilika, huenda kitabu si chako kwa sasa. Uliyekwama pale hadithi ilipoingia ndani ya gemu, zimebaki kurasa chache kabla hujajua aliyekuwa akiijenga ni nani na kwa ajili ya nani, basi chukua tena pedi ya kuchezea.